Moto Katika Mti Mbichi

Katika chuo nilichosomea utotoni, huko kwetu pwani, maalim alikuwa na desturi ya kutusomesha Yasin kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Tuliihifadhi kwa sauti kabla hatujaijua maana yake. Karibu na mwisho wa sura hiyo mna aya inayowakumbusha waja uwezo wa Mola, aliyewatolea moto katika mti ulio mbichi. Siku moja nilijitia ujasiri nikamwuliza maalim: mti mbichi utatoaje moto, na kuni mbichi jikoni kwetu hazitoi ila moshi na machozi? Hakunikemea. Alinitazama tu akasema, "Wewe hifadhi kwanza. Maana itakukuta njiani."

Ndugu msomaji, njia ni ndefu, na mimi sasa nimepita hamsini. Sikudhani kwamba katika mahala pote duniani maana hiyo ingenikuta Nairobi, katika Industrial Area, baina ya matangi ya mafuta na mabomba ya moshi.

Nilikuwa nimefikia Pumwani, kwa jamaa zetu. Baada ya sala ya alfajiri mpwa wangu aliniomba nimsindikize kazini. Yeye ni kijana wa maabara katika kiwanda kimoja cha rangi. Tulikwenda kwa miguu kama waendavyo maelfu ya wafanyakazi wa Eastlands kila asubuhi: tukaikata barabara ya Jogoo, tukapita Kaloleni, tukavuka reli, tukaingia viwandani. Mtu wa pwani akitembea huko hujiona yuko nyumbani na ugenini kwa wakati mmoja, kwani mabarabara yana majina ya kwetu: Likoni, Lunga Lunga, Funzi, Shimo la Tewa. Majina ni ya bahari, walakini harufu ni ya rangi, sabuni na dizeli.

Hapo ndipo mpwa wangu alipotoa lililokuwa moyoni. "Mjomba," akasema, "kuna bwana mmoja huja saa ya chakula pale kibandani kwa mama lishe. Ana karatasi zenye picha za mirija ya vioo iliyojaa maji ya kijani. Asema kuna vijidudu vinavyokunywa jua na moshi, kisha vikatoa petroli. Achangisha hisa. Wenzangu wengine wameshatoa. Mimi ninazo zile pesa nilizoziweka kwa ajili ya mahari. Waonaje?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe juma moja nisome, niulize, nipige hisabu. Haya niandikayo leo ndiyo jawabu yangu kwake, nami nimeona si vibaya na wengine wakaisoma.

Kwanza, je, jambo lenyewe ni kweli au porojo? Ni kweli. Nani asiyeujua ule utando wa kijani uotao katika birika la msikiti likiachwa siku nyingi bila kusafishwa? Ndani yake mna viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na baadhi yao wataalamu huwaita sayanobakteria. Hao ni miongoni mwa viumbe wakongwe kabisa wa dunia. Wanafanya kazi ile ile ifanywayo na jani la mwembe, ambayo siku hizi vitabu vyetu huiita usanidimwanga: hunasa mwanga wa jua, huchukua maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, wakajitengenezea sukari, na oksijeni wakaitoa nje. Pumzi hii tunayovuta, asili yake ni wao na wenzao.

Tena tukumbuke kwamba hata petroli tuliyonayo leo ni kazi ya viumbe wa namna hiyo. Vijimea na vijidudu vilivyoelea baharini zama za zama, vilipokufa vilizama chini, vikafunikwa na matope, vikabanwa na kupikwa na joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka, hata vikawa mafuta. Basi mafuta ya Ghuba ni jua la kale lililowekwa akiba. Wanasayansi wanachotaka ni kuifupisha safari hiyo, ili kijidudu kinywe jua asubuhi na kitoe mafuta jioni, bila kungoja mamilioni ya miaka.

Njia waliyoifuata ni kuvipa vijidudu hivyo maarifa ya viumbe wengine. Kila kiumbe kina maagizo yake ya uhai yaliyoandikwa ndani ya chembe zake, nayo maagizo hayo huitwa jeni. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Toronto, Canada, walichukua jeni za bakteria mmoja hodari wa kugeuza sukari kuwa spiriti, wakazitia ndani ya sayanobakteria. Kijidudu cha kijani, ambacho asili yake hakijui ulevi, kikaanza kutoa spiriti kutokana na jua na hewa. Na bakteria huyo aliyeazimwa jeni zake si mgeni kwetu. Jamii yake hupatikana hata katika tembo la mnazi, naye ni mmoja wa wale wanaolifanya tembo likachacha kabla ya adhuhuri.

Mwaka 2009 James Liao na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaenda mbele zaidi. Waliwafundisha vijidudu kama hao kutoa kemikali iwezayo kugeuzwa mafuta ya gari au vitu vya viwandani. Wengine baadaye wamewafanya watoe sukari, wengine asidi ya kutengenezea plastiki, wengine manukato. Kwa hiyo yule bwana wa kibandani hakudanganya aliposema kwamba jambo hili lipo. Uongo, ukiwapo, umo katika bei na katika wakati.

Mwaka huo huo wa 2009 kampuni kubwa ya mafuta ya Exxon ilitangaza kwamba itatoa hata dola milioni 600 kwa kazi ya mwani wa mafuta, ikishirikiana na kampuni ya mwanasayansi mashuhuri Craig Venter. Mapema mwaka 2023 ikajulikana kwamba Exxon imejitoa. Kampuni nyingine ya Marekani, Joule, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijigamba kwamba eka moja ya vijidudu vyake itaweza kutoa galoni 25,000 za spiriti kwa mwaka. Ikajenga mtambo wa majaribio katika jangwa la New Mexico, ikakusanya fedha nyingi, na mwaka 2017 ikafunga milango. Ikiwa tajiri wa mafuta mwenye maabara na mainjinia amekaa zaidi ya miaka kumi asipate petroli ya kuuza, kibanda cha Lunga Lunga kitaipata wapi kwa miezi sita?

Tatizo ni hisabu, na hisabu haina upendeleo. Natuipige pamoja. Eneo la mita moja mraba hapa Nairobi hupata jua lenye nguvu za takriban uniti tano kwa siku, uniti zile zile tunazonunulia umeme. Tuseme vijidudu vyetu ni hodari, vikageuza asilimia mbili ya jua hilo kuwa mafuta; na hiyo ni ahadi ya ukarimu, kwani mimea mingi shambani haifikishi hata moja. Kwa mwaka mzima mita hiyo moja itatupa uniti thelathini na sita. Lita ya petroli ina nguvu za uniti tisa na kitu. Basi tumepata lita nne tu kwa mwaka. Matatu moja ikinywa lita 30 kwa siku, itahitaji zaidi ya mita mraba 2,700 za mirija ya vioo, yaani zaidi ya theluthi ya uwanja wa mpira, kwa matatu moja. Hesabu mwenyewe matatu zipitazo Jogoo kwa saa moja tu.

Na mbona isiwe zaidi ya asilimia mbili? Sababu ni kadha wa kadha. Takriban nusu ya mwanga wa jua ni wa rangi ambazo vijidudu haviwezi kuzitumia. Tena wale walio juu ya maji hunasa mwanga kuliko haja yao, wakawatilia kivuli walio chini. Aidha, kidimbwi kikiwa wazi huingiwa na wageni wasioalikwa, wakala mazao. Na kikifungwa kwa vioo, vioo vina gharama. Kisha mafuta yenyewe hutoka machache ndani ya maji mengi, na kuyatenga kunahitaji nguvu nyingine.

Ipo na sababu moja iliyonichekesha, maana ni kama khabari za wanadamu. Kijidudu kilichotiwa jeni za kigeni ni kama hamali aliyebebeshwa gunia. Anatoa mafuta ambayo yeye mwenyewe hayamfai kitu. Baada ya vizazi vingi hutokea mmoja ambaye jeni ile imemharibikia. Huyo amelitua gunia. Hukua upesi kuliko wenzake na huzaa upesi. Haupiti muda mrefu ila kidimbwi kizima kimejaa wasiobeba kitu. Wataalamu wanatafuta dawa ya jambo hilo, na pengine wataipata, lakini mfanyabiashara anayekusanya hisa haitaji khabari hiyo.

Wasomaji wa pwani hawahitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Tunaukumbuka wimbi la mbono. Mbono kaburi, mti ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua wa shamba na alama ya makaburi, ghafla katika miaka ya 2000 na kitu uliitwa dhahabu ya kijani. Ikasemwa utaota penye ukame, utatoa dizeli, wala hautataka mbolea. Kule Tanzania kampuni ya Kiholanzi ilichukua ardhi Kilwa, ikafilisika mwaka 2010. Na mradi wa Kisarawe ukaanguka mwaka 2011. Kwetu Kenya walitaka maelfu ya hekta katika msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, na wanakijiji wakapambana. Mwaka 2009 uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya Kenya ulikwisha kuonyesha kwamba mazao ya mbono ni haba mno, na ukashauri wakulima wasiupande ila kwa ua. Kwa ua! Yaani wataalamu walizunguka nchi nzima, wakarejea pale pale walipokuwa babu zetu.

Wala serikali nazo hazikunusurika. Katika miaka ya 1980 Kenya iliwahi kuchanganya petroli na spiriti iliyotokana na molasi ya miwa kutoka Muhoroni, na magari ya Nairobi yakaenda nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ukafa kwa kuwa bei haikulipa. Mtambo wa pili wa molasi, ule wa Kisumu, ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 ukaachwa njiani, vyuma vikila kutu kwa miaka mingi. Na jina lake likaja kutajwa katika uchunguzi wa kifo cha Waziri Robert Ouko aliyeuawa mwaka 1990. Muwa ni mmea hodari, na hamira hufanya kazi bila kutiwa jeni za mtu. Ikiwa hao walishindwa na bei ya mafuta ya kuchimba, kijidudu kipya kina kazi kubwa zaidi mbele yake.

Je, hayo yana maana kwamba tuyape kisogo? La, hasha. Mafuta yetu yote hutoka nje. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Bomba lililoanza kazi mwaka 1978 lilipitisha mafuta kutoka Mombasa mpaka matangi ya Nairobi, na mwaka 2018 likapata mrithi aliye mpana zaidi. Mwaka 2023 tukafanya mkataba wa kununua mafuta kwa makampuni ya Saudia na Imarati kwa mkopo wa siku 180. Nchi inayonunua moto wake kwa deni haina haki ya kudharau elimu yoyote ya moto.

Tena ile Industrial Area ni mahala panapofaa kuanzia, mradi tusianze na petroli. Petroli ni kitu rahisi kinachouzwa kwa wingi. Kushindana nayo ni kushindana na Ghuba. Lakini viwanda vya rangi, sabuni, plastiki, dawa na manukato hununua kemikali zenye bei kubwa kwa kilo moja, na nyingi huja kwa meli. Kilo chache za kitu cha thamani zaweza kulipa gharama ya mirija ambayo lita elfu za petroli haziwezi kuilipa. Moshi wa mabomba ya viwanda, unaowakohoza watoto wa Mukuru, ndio chakula wanachokitaka vijidudu hao. Jua tunalo mwaka mzima. Hilo ni jambo la watu wa maabara na vyuo vikuu, la miaka kumi au ishirini. Si la kuchangisha hisa kibandani.

Hapa patatokea msomaji aniulize: na hiyo spiriti, si ni ulevi? Yafaa kuitia garini? Mimi ni mtunga mashairi, si mufti. Najua tu kwamba vitabu vyetu vya fiqhi vimezungumza tangu zamani juu ya kitu kigeukacho kikawa kingine, kama vile mvinyo ugeukapo kuwa siki, na masheikh wetu wanayo elimu ya kutujibu. Ninaloliogopa mimi liko karibu zaidi. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru inayopakana na viwanda hivi, watu walikunywa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Zaidi ya mia moja wakafa, na wengine wakapofuka. Kemikali ilivuka ukuta wa kiwanda ikaingia kikombeni.

Na asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka katika bomba hapo Lunga Lunga, ikateremka mferejini mpaka kijiji cha Sinai. Watu wakatoka na ndoo, madebe na mitungi kuikinga, kwani thamani ya ndoo moja ilikuwa kubwa kuliko ujira wao wa siku. Moto ukalipuka. Waliokufa walizidi mia moja, na miongoni mwao mlikuwa na watoto waliokuwa njiani kwenda shule.

Mpwa wangu alinipitisha mahala hapo. Hakusema neno, nami sikuuliza. Nilisoma Fatiha, tukaendelea na safari. Lakini hapo nilifahamu kwamba swali la petroli ya vijidudu si la sayansi peke yake. Kwa miaka yote hii, wanaokaa ng'ambo ya ukuta wa viwanda hawapati katika utajiri wake ila kile kinachovuja. Kiwanda cha kesho kikiwa cha kijani, na ukuta ukabaki ule ule na mfereji ule ule, kitavuja vile vile.

Ipo na haki nyingine ya kulindwa. Maziwa yetu ya magadi, Nakuru na Bogoria, yana sayanobakteria wengi mno ambao ndio chakula cha heroe wale wekundu. Katika maziwa hayo watafiti wa Uingereza walichota vijidudu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likalalamika kwamba kampuni ya kigeni imepata kutokana na vijidudu vyetu kimeng'enya cha kufifiza rangi ya suruali za jinzi, na nchi haikupewa fungu lake. Yamkini jinzi iliyochakazwa kwa vijidudu vya Bogoria imerudi Gikomba ndani ya robota la mitumba, tukainunua. Mwaka 2007 shirika hilo likafanya mapatano na kampuni ya Denmark, Novozymes, ili safari hii nchi ipate sehemu yake. Hilo ni funzo: ukoga wa ziwani ni mali, na mwenye mali asiyeiandika hunyang'anywa.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2009 tunayo sheria ya usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni. Mwaka 2012 serikali ilipiga marufuku vyakula vya namna hiyo kuingizwa nchini, mwaka 2022 ikaondoa marufuku, na kesi zikafuata mahakamani. Mabishano hayo yote yamehusu mahindi tunayokula. Kuhusu vijidudu vya viwandani hatujabishana bado, na yafaa tuanze kabla mirija haijajengwa, wala si baada ya kuvuja.

Basi mpwa wangu, jawabu yangu ni hii. Elimu ni ya kweli. Biashara ya yule bwana siiamini. Mwulize mambo manne: vijidudu vyake ni vya nani, ameruhusiwa na nani, mwaka jana alitoa lita ngapi, na kila lita ilimgharimu nini. Akikuonyesha picha badala ya hisabu, muage kwa adabu. Pesa za mahari zipeleke kwa wazee wa bibi arusi, kama ulivyonuia. Na ukipenda kweli vijidudu hivyo, ukishaoa, rudi darasani jioni ukavisome. Nchi hii ina wakusanyaji wa hisa wa kutosha. Wanaoweza kukaa na darubini miaka kumi bila kusema uongo ndio wachache.

Nilipomsomea maneno haya kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mjomba," akasema, "yule bwana ana siku tatu hajaonekana."

Nikamwuliza wenzake walikuwa wametoa kiasi gani. Hapo hakucheka tena.